Mgeni anayeuliza kasha la bibi

Huja asubuhi, watoto wakiwa shule na vijana wakiwa wameshatawanyika kwenye shughuli zao, nyumba imebaki na bibi barazani na mkwe anayefua uani. Shati lake ni safi, begani ana kimfuko, na pikipiki ameiacha mbali kidogo, chini ya mwembe. Hodi yake ni ya upole na shikamoo yake haina haraka. Akikaribishwa huomba maji ya kunywa kwanza, hunywa, hushukuru, kisha macho yake huanza kutembea ukutani.

"Bibi, sinia hii ya shaba mliinunua wapi?"

"Hiyo hatukununua, mjukuu wangu. Bibi yake marehemu mume wangu alitoka nayo Ujiji."

"Kwa treni?"

"Treni gani! Kwa miguu."

Hapo bibi hucheka na mgeni hucheka naye. Nusu saa baadaye kasha limevutwa kutoka uvunguni, kitambaa kilichofungwa mafundo matatu kimefunguliwa, na juu ya jamvi zimemwagika sarafu, bangili, picha za studio zilizokunjika pembe, na ufunguo ambao hakuna anayejua ulifungua nini.

Watu wa Chemchem na kata nyingine za mji wa Tabora wanawajua wageni hawa. Wapo wanaoanzia kwenye chuma chakavu wakapanda ngazi, wapo wanaotumwa na wenye maduka ya vitu vya kale Arusha na Zanzibar, na wapo wanaofanya kazi hiyo peke yao, kijiji kwa kijiji, wakiuza kwa wakusanyaji wa ng'ambo kupitia simu. Si wote ni wezi. Wengi wao ni wachuuzi kama wachuuzi wengine. Lakini bidhaa yao ina jambo moja ambalo nyanya na mchele havina: muuzaji hajui bei, na mnunuzi anaijua.

Wageni hawaji Tabora kwa kubahatisha. Kabla ya kuwa mji wa reli, hapa palikuwa Unyanyembe, kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kutoka pwani zililetwa shanga, nyaya za shaba na nguo za merikani; kutoka bara zilishuka pembe za ndovu. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga tembe zao hapa na pale Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872 na ambako leo kuna makumbusho yake. Wapagazi Wanyamwezi walikwenda pwani na kurudi na walichopata. Kisha wakaja Wajerumani na boma lao, reli ikafika mwaka 1912, vita ikafika mwaka 1916, wakaja Wabelgiji, wakaja Waingereza. Kila aliyepita aliangusha kitu, na kilichoangushwa kiliokotwa na mtu ambaye wajukuu zake bado wanaishi mjini.

Sarafu ndizo zinazoulizwa kwanza, na hapo ndipo familia nyingi huumia, kwa hiyo inafaa kuzieleza taratibu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walizuia meli kufika pwani ya koloni la Wajerumani. Fedha kutoka Ulaya zikakatika. Serikali ya Kijerumani ikachapisha noti zake humu humu ndani, kwa karatasi duni, na mwaka 1916 ikaanza kupiga sarafu katika karakana ya reli ya Lulanguru, mashariki kidogo ya Tabora. Zilipigwa za heller 5 na za heller 20, za shaba na za shaba njano, kwa wingi sana. Zikapigwa pia za dhahabu, za rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hizo za dhahabu zilikuwa kama 16,000 tu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi hiyo ikaisha.

Sarafu ya dhahabu ya Tabora ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo. Upande mmoja ana tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima. Upande wa pili ana tai wa Ujerumani. Kwenye minada ya Ulaya na Marekani iliyo nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola. Ile ya heller 20 ni kubwa kuliko hiyo, ina taji, mwaka 1916 na herufi T, na zile za shaba njano zikisuguliwa hung'aa kama dhahabu. Hiyo kubwa inayong'aa ndiyo iliyomo kwenye vitambaa vingi vya wazee, na thamani yake kwa kawaida ni ndogo, kwa sababu zilipigwa nyingi. Mtu ambaye hajui huishika ya shaba kwa mikono miwili na kuitoa ndogo kama chenji.

Ndivyo mnunuzi mjanja anavyofanya kazi. Huchukua kubwa, huigeuza, huishikilia kwenye mwanga, hupiga mluzi. "Bibi, hii nitakupa elfu hamsini." Moyo wa bibi huruka. Akishakubali, mgeni huongeza kama mtu anayefagia jamvi: "Basi na hivi vidogo vidogo nivibebe tu, nikupe elfu kumi ya sukari." Bibi anaona ameuza moja kwa bei nzuri na takataka kwa bei ya sukari. Kinyume chake ndicho kilichotokea.

Katika vitambaa hivyo huwamo na nyingine. Ipo rupia ya fedha yenye kichwa cha Kaisari wa Ujerumani amevaa kofia ya chuma. Hiyo ni fedha halisi, karibu gramu 12, kwa hiyo hata sonara wa sokoni hawezi kuitolea bei ya bati. Zipo heller ndogo za shaba za tangu mwaka 1904, pale rupia moja ilipogawanywa kuwa heller 100. Zilipigwa kwa mamilioni. Zipo senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza. Ipo riali kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene, Maria Theresa wa Austria, na mwaka 1780. Wengi wakiona mwaka huo hudhani wameokota utajiri wa zaidi ya miaka 200. Riali hizo ziliendelea kupigwa kwa mwaka uleule wa 1780 hadi karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi hawakuamini nyingine. Thamani yake ni ya fedha iliyomo, na zaidi kidogo.

Kuna kosa jingine ambalo hufanywa na watu wema wa nyumbani. Mkwe akisikia sarafu za bibi zina thamani, huzichukua akazisugua kwa limau na majivu, kama anavyosugua sinia siku ya kuamkia Idi. Zinang'aa. Mkusanyaji akiziona hivyo hushusha bei nusu au huondoka kabisa. Ule weusi ndio anaoutaka. Sarafu ya zamani haioshwi.

Kundi la pili la wageni ni baya kuliko la kwanza, maana hawa hawaji kununua kitu. Wanakuja kuuza ndoto. Tanzania nzima inajua hadithi ya rupia "inayovuta mchele": kwamba ipo sarafu ya Mjerumani ambayo ukiisogeza karibu na punje za mchele, punje hukimbilia kwake, na kwamba Wazungu hununua sarafu ya namna hiyo kwa mamilioni. Hadithi hiyo imewafilisi watu wenye akili zao, wakiwamo wastaafu waliotoka kulipwa kiinua mgongo. Namna inavyokwenda ni moja. Anakuja mtu wa kwanza, anaitazama sarafu ya babu, anasema si mtaalamu. Anakuja wa pili na punje za mchele mfukoni, na mchele unasogea, kwa mchezo wa mkono ambao babu hauoni. Anakuja wa tatu, au anapiga simu, huyu ni "wakala wa Mzungu", bei ni milioni 300, ila kabla Mzungu hajatoka Dar es Salaam lazima ilipwe dawa ya kuipimia, au kibali, au hoteli. Babu anauza ng'ombe. Anatuma. Wiki ya pili kuna ada nyingine. Mwishoni sarafu bado iko kibindoni, na zizi ni tupu. Hakuna madini ya sarafu yanayovuta mchele, na hakuna mnunuzi wa kweli anayedai hela kutoka kwa anayeuza.

Ndugu ya hadithi hiyo ni zebaki nyekundu, inayodaiwa kujificha ndani ya cherehani za Singer za zamani, redio za mbao na televisheni za kwanza. Uvumi huu haukuzaliwa Tabora. Mwaka 2009 ulilipuka Saudi Arabia, watu wakawa wananunua cherehani mbovu kwa bei za gari, mpaka serikali ikaingilia kati. Ndani ya cherehani hakuna zebaki ya rangi yoyote. Ila bibi aliyelelea watoto saba kwa cherehani ile akiamka usiku akakuta imefunguliwa na mjukuu kwa bisibisi, hiyo hasara ni ya kweli.

Tuache matapeli. Wapo wanunuzi wanaolipa, na wapo wazee wanaotaka kuuza, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapoanzia. Chukua mfano wa bibi mjane wa Chemchem, miaka 80 na ushee, mume wake alikuwa mtu wa reli. Ameuza sinia, sarafu tisa na saa ya ukutani kwa shilingi 120,000. Amelipia miwani, amenunua gunia la mkaa, amempa mjukuu hela ya mtihani wa kujipima. Jioni mtoto wa kiume anapiga simu kutoka Dar es Salaam, anasikia, anapandwa na hasira.

"Mama, umepigwa! Vitu vile ni milioni! Kwa nini hukuniuliza?"

Bibi ananyamaza. Kisha anasema polepole, "Baba, kasha lile liko uvunguni miaka arobaini. Wewe umelala juu yake utoto wako wote. Uliniuliza lini?"

Hakuna jibu la swali hilo kwenye simu. Yule mgeni mwenye kimfuko alifanya kitu ambacho mtoto, mkwe na mjukuu hawakukifanya: alikaa chini akauliza. Bibi aliuza vitu, lakini kwa sehemu alikuwa analipa fadhila ya kusikilizwa. Yeyote aliyemwona mzee akisimulia safari ya bibi wa mumewe kutoka Ujiji, huku mtu anatikisa kichwa na kusema "Ehe, ikawaje?", anaelewa kwa nini bei ilishuka. Wanunuzi wazoefu wanajua hilo vizuri sana. Kioo cha kukuzia wanacho, lakini sikio ndilo linalowalisha.

Pamoja na hasira zake, mtoto yule ana hoja moja na amekosa moja.

Alipokosa ni pale anapodhani mama hana haki ya kuuza. Mzee si mtoto mchanga. Kilicho chake, alichopewa mahari, alichonunua kwa vitumbua vyake, alichorithi kwa mama yake, anaweza kukiuza, kukigawa au kukitupa kisimani, na hahitaji ruhusa ya mtu aliyeko Gongo la Mboto. Zipo familia ambazo zikishasikia mambo ya wanunuzi hubeba kasha lote na kulifungia kwa mtoto mkubwa "kwa usalama". Bibi anabaki na uvungu mtupu. Hilo nalo ni kunyang'anywa, na walionyang'anya wamemwita mama.

Hoja yake iko kwenye mambo ya marehemu. Saa ya ukutani haikuwa ya bibi. Ilikuwa ya mume wake. Mirathi haikugawanywa, kwa sababu wakati wa msiba nani angesimama kudai saa mbovu? Familia nyingi za mji wa zamani wa Tabora ni za Kiislamu, na kwa mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, sehemu moja ya nane. Zilizobaki ni za warithi wengine. Kitu kikiwa kimechakaa hakuna anayekumbuka thumuni. Kikishauzwa kila mtu anaikumbuka. Ndugu ambao hawajakanyaga Chemchem tangu arobaini ya baba yao huonekana mlangoni wiki hiyohiyo. Heri vitu vya marehemu vitajwe mapema, mbele ya watu wawili watatu: hiki cha mama, hiki cha wote. Haichukui hata alasiri moja.

Na vipo vitu ambavyo si vya mama wala vya wote wa nyumba hiyo. Unyamwezi ulikuwa na watemi wake. Serikali ya Tanganyika iliufuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini ngoma, vigoda, mikuki na vibangwa, yale magamba meupe ya konokono wa baharini yaliyovaliwa na watemi, vilibaki mikononi mwa familia zilizovitunza. Aliyevitunza ni mtunzaji. Baadhi ya vitu vya aina hiyo kutoka Unyamwezi viliondoka zamani na maofisa wa Kijerumani, na leo viko kwenye makumbusho ya Berlin, vimeandikwa namba. Mjukuu wa mtunzaji akiuza kilichobaki kwa bei ya pikipiki, ukoo mzima ndio uliouzwa, na ukoo haukukaa kikao.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, vitu vya jadi, na hata milango na miimo ya kuchonga iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940. Kuvifanyia biashara na kuvitoa nje ya nchi kunataka leseni. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka kung'oa mlango wa nakshi wa nyumba ya babu usiku, na fuso limeegeshwa nyuma, anajua kwa nini amechagua usiku. Pembe za ndovu ni jambo kubwa zaidi. Mji huu uliishi kwa pembe, na si ajabu bangili ya pembe ikatokea chini ya kasha. Hiyo isiuzwe kwa mtu yeyote, isipostiwe kwenye simu, isipewe mgeni "akaipime". Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kukutwa na nyara bila hati ni kosa zito, na maelezo kwamba ilikuwa ya bibi hayamtoi mtu mahabusu siku hiyo. Familia iliyoikuta iende yenyewe kwa maofisa wa wanyamapori kuuliza, kabla ya kuulizwa.

Vitu vingine havina sheria wala minada, na ndivyo vinavyoondoka kwa urahisi kuliko vyote. Santuri, kwa mfano. Tabora ilikuwa mji wa muziki. Hapa palikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, zilitengenezwa Kenya, na zilizorudi zilichezwa mpaka zikakwaruzika. Wapo wakusanyaji wa Ulaya wanaozitafuta zile ndogo za miaka ya 1960 na 1970 zikiwa bado zinasikika. Hapa nyumbani zimekuwa visahani vya kufunikia mitungi. Picha za studio ni hivyohivyo: kijana amevaa suti ya kuazima, mkono umewekwa juu ya redio isiyo yake, nyuma yake pazia lenye mto na minazi. Mgeni hutoa elfu mbili kwa picha. Kama nyuma yake hakuna jina, huyo kijana ameshapotea mara ya pili.

Itakuwa vibaya kuwasema wanunuzi bila kusema upande wao. Anayezunguka Urambo, Sikonge na Nzega kwa pikipiki hununua vitu kumi akauza vitatu. Petroli ni yake, hasara ni yake, na akinunua bandia, ambazo ni nyingi hasa za ile ya tembo, haendi kudai kwa mtu. Hawezi kumpa bibi bei ya mnada wa London, kwa sababu yeye mwenyewe haioni. Akilipa theluthi ya atakachopata yeye, kwa biashara hiyo si mtu mbaya. Aliye mwaminifu hujulikana kwa vitu vidogo: anasema jina lake na anakotoka, hakasiriki akiambiwa arudi kesho, anakubali kitu kipigwe picha kabla hajakiweka kwenye kimfuko, anaandika kwenye karatasi alichochukua na alicholipa. Akisema, "Bibi, basi niende, gari linaniacha, na bei hii ni ya leo tu," aachwe aende. Sarafu imesubiri tangu mwaka 1916, itasubiri hadi Ijumaa.

Mjukuu wa kidato cha pili na simu ya mama yake anaweza kufanya kazi yote inayotakiwa kwa siku moja ya likizo. Anatandika kanga mahali penye mwanga, anapiga picha pande mbili za kila kitu, anaweka rula kando ili ukubwa uonekane. Uzito anaupata kwa sonara, na akipima abaki amesimama palepale mezani. Kisha anafungua daftari. Hapo anamwachia bibi. Hiki kilitoka wapi? Alikileta nani? Mwaka gani, au mvua gani, au wakati mtoto gani ananyonya? Picha hizo anaweza kuonyeshwa afisa utamaduni wa manispaa au watu wa Makumbusho ya Taifa, na mtandaoni bei za minada iliyopita ziko wazi kwa kila mtu. Picha ya sarafu ya thamani isisambazwe kwenye makundi ya simu. Wezi nao wana simu.

Tena bibi asiharakishwe. Atakataa kufungua fundo la tatu siku ya kwanza. Pengine mna barua. Pengine mna pete ya mtu ambaye hakuwa babu.

Tukirudi kwa yule bibi wa mfano: sarafu tisa zimekwenda, na kwa jinsi alivyozieleza zilikuwa za shaba, kubwa, zenye taji. Mtoto wake akiangalia bei kwenye simu usiku ule atagundua kwamba mama hakupoteza mamilioni. Kwa sarafu, mgeni alilipa karibu na haki. Kwa saa, hapana. Kwa sinia iliyotembea kutoka Ujiji, hakuna mnada wenye bei yake, kwa sababu iliyokuwa na thamani ni ile safari, na safari imebaki kwa bibi. Angalau kwa sasa, maana ana miaka 80 na ushee na kifua kinamsumbua wakati wa kipupwe.

Wiki ya tatu mgeni anarudi. Safari hii anakuta kuna kiti cha pili barazani, na binti wa kidato cha pili amekaa, daftari magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu maji. Ila leo kasha halifunguliwi, tumefika kwenye ufunguo. Huyu anataka kujua ulifungua nini, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kukumbuka."